Kahlil Gibran: Jina kubwa lililobebwa na sindano ya dada

Mwanafunzi wangu mmoja wa kidato cha tano alinijia baada ya kipindi, mkononi ana kitabu chembamba cha Kiingereza alichokinunua kwa wauza vitabu vya mitumba. Akanionyesha jina la mhusika mkuu wa kitabu kile, Almustafa, akataka kujua kama huyo anayesemwa humo ndiye Mtume wetu Muhammad (s.a.w.). Na kama siye, basi mwandishi amepata wapi ujasiri wa kumpa mtu wa kubuni jina hilo tukufu, na kitabu chenyewe kukiita The Prophet?

Nilimjibu kwa kifupi kwamba siye, kisha kengele ikalia. Lakini nilipofika nyumbani niliona jibu lile halikutosha. Mpenzi msomaji, mwandishi huyu si mgeni kwetu sisi wakazi wa mijini. Maneno yake yanachapwa kwenye kadi za harusi, yanasomwa na washereheshaji ukumbini, na wako ndugu zetu wanaoamini kabisa kwamba alikuwa Mwislamu kwa sababu ya jina lake la Kiarabu. Wako na wengine wanaomlaani bila ya kufungua hata ukurasa mmoja. Makundi yote mawili yanasema juu ya mtu wasiyemjua. Kwa hiyo leo tuyatazame maisha yake, na mwisho nitaeleza ni jambo gani hasa katika maisha hayo lililonigusa.

Jina lake kamili ni Jubran Khalil Jubran. Alizaliwa tarehe 6 Januari 1883 katika mji mdogo wa Bsharri, juu kabisa katika milima ya Lebanon, karibu na ile mierezi mikongwe maarufu. Nchi hiyo wakati ule ilikuwa chini ya utawala wa Uthmania. Wazazi wake walikuwa Wakristo wa madhehebu ya Kimaroni, na mama yake, Kamila, alikuwa binti wa kasisi. Kwa hiyo tulimalize hili mapema: hakuzaliwa Mwislamu, wala hakusilimu.

Nyumba yao ilikuwa ya dhiki. Baba alikuwa mkusanya kodi, mtu wa ulevi na kamari. Mnamo mwaka 1891 alishitakiwa kwa wizi wa fedha za serikali, akafungwa, na mali ya familia ikachukuliwa. Mama akabaki na watoto wanne: Butrus, ambaye ni mwanawe wa ndoa ya awali, kisha Jubran, na mabinti wawili wadogo, Marianna na Sultana. Mume alipoachiwa mwaka 1894, Kamila alikuwa amekwisha fanya uamuzi wake. Mwaka 1895 aliwachukua watoto wake wanne, akamwacha mume Lebanon, akapanda meli kwenda Marekani.

Walifikia Boston, katika mtaa wa South End, ambao wakati ule ulijaa wahamiaji kutoka Sham. Usidhani, ndugu msomaji, kwamba Marekani ile ilikuwa ya neema kwa mgeni. Mama huyu, binti wa kasisi, alifunga mzigo wa lesi na vitambaa, akautia mgongoni, akawa anapita nyumba kwa nyumba akibisha hodi kwa watu asioijua lugha yao. Leo tungemwita machinga. Akiba ya mzigo ule ndiyo iliyomfungulia Butrus kiduka, na kiduka hicho kikawa ndicho kinachoilisha nyumba.

Katika watoto wanne hao ni mmoja tu aliyepelekwa shule, naye ni Jubran. Butrus alikuwa dukani. Mabinti wawili walibaki nyumbani, kwa umasikini na kwa desturi ya watu wao ya kuona kwamba mtoto wa kike hana haja ya kusoma. Naomba msomaji ulishike jambo hili, kwani tutalirejea.

Shuleni alitiwa katika darasa la watoto wahamiaji wasiojua Kiingereza. Huko ndiko jina lake lilikokatwa: Jubran la kwanza likaondolewa, herufi za Khalil zikapinduliwa, akaandikwa Kahlil Gibran, na hivyo ndivyo dunia inavyomjua mpaka leo. Walimu wake waligundua mapema kwamba ana kipaji cha kuchora. Mwaka 1896 akajulishwa kwa Fred Holland Day, mpiga picha na mchapishaji wa vitabu mwenye uwezo, ambaye alimpa vitabu vya kusoma na kumwonyesha dunia ya wasanii wa Boston. Akiwa bado kijana mdogo, michoro yake ilikuwa ikitumika kwenye majalada ya vitabu.

Hapa familia ilifanya jambo la busara. Walihofia kwamba kijana atamezwa na ugeni, basi mwaka 1898 wakamrudisha Lebanon akasome Kiarabu sawasawa katika shule ya Al-Hikma mjini Beirut. Aliingia pale Kiarabu chake kikiwa cha nyumbani tu, akatoka akiwa mwandishi. Kwa maoni yangu, kama si miaka ile ya Beirut, huyu angekuwa mchoraji mmoja tu wa Boston ambaye leo hakuna anayemkumbuka.

Lakini mauti hayangoji mtu amalize masomo. Aprili 1902 mdogo wake Sultana alifariki kwa kifua kikuu akiwa na miaka 14 tu. Jubran alifika Boston akakuta amekwisha zikwa. Machi 1903 akafariki Butrus, kwa kifua kikuu hicho hicho. Juni mwaka huo huo mama akafariki kwa saratani. Katika muda wa miezi kama 15 nyumba ya watu watano ikabaki na wawili: kijana wa miaka 20 na dada yake Marianna, mdogo kwake kwa miaka miwili hivi.

Kijana hakuwa na moyo wa biashara, na kiduka cha Butrus hakikudumu. Basi nani alishika nyumba? Ni Marianna, yule ambaye hakupelekwa shule. Aliingia kazini katika duka la mshona nguo, akawa anashona kwa ujira ili kaka yake apate kukaa na kuandika na kuchora. Fikiri juu ya hili. Binti asiyejua kusoma anashona mchana kutwa ili kaka yake aandike vitabu ambavyo yeye mwenyewe hataweza kuvisoma.

Mwaka 1904 Day alimfanyia maonyesho ya picha katika studio yake. Huko ndiko Gibran alikokutana na Mary Haskell, mwalimu mkuu wa shule ya wasichana ya Boston, aliyemzidi umri kwa miaka kumi. Miezi michache baadaye jengo lile lenye studio liliungua moto na michoro yake mingi ikateketea. Mwingine angekata tamaa. Yeye aligeukia kalamu, akawa anaandika katika gazeti la Kiarabu la wahamiaji lililokuwa likitoka New York, na mwaka 1905 kikatoka kitabu chake cha kwanza, kidogo, kuhusu muziki. Vikafuata vitabu vya hadithi vilivyowashambulia makasisi wala rushwa na mabwana wa ardhi wa Lebanon, na vilivyotetea wanawake waliokuwa wakiozwa kwa nguvu. Tusisahau kwamba aliyeandika hayo ameona kwa macho yake mama akibeba mzigo mgongoni.

Mwaka 1908 Mary Haskell alimlipia kwenda Paris kusoma uchoraji, akawa anamtumia dola 75 kila mwezi kutoka katika mshahara wake wa ualimu. Alikaa huko hadi mwaka 1910. Aliporejea alimposa, naye akakataa kwa sababu ya tofauti ya umri. Lakini hakuacha kumsaidia. Gibran alihamia New York, na kuanzia mwaka 1912 hadi kufa kwake aliishi katika studio ya chumba kimoja mtaa wa West 10th. Mary ndiye aliyempitia na kumsahihishia Kiingereza chake, neno kwa neno, kazi baada ya kazi. Aliendelea hata baada ya kuolewa na mtu mwingine mwaka 1926. Kila anayesifu ufasaha wa Gibran katika Kiingereza, anasifu pia jicho la mwalimu huyu, ingawa jina lake halimo kwenye majalada.

Vita vya kwanza vya dunia vilipoanza, Lebanon ilikumbwa na njaa isiyosahaulika. Bahari ilifungwa na meli za kivita, nzige wakaja mwaka 1915, na nafaka ikachukuliwa kwa ajili ya majeshi. Watu wapatao laki mbili walikufa kwa makadirio ya wengi. Gibran alikuwa katibu wa kamati ya wahamiaji iliyokusanya misaada kwa ajili ya watu wa Sham na Mlima Lebanon. Hakurejea, na alihuzunika sana kwamba yuko salama na kushiba ilhali watu wake wanakufa. Hisia hiyo wanaijua wengi wenye ndugu waliohamia Uarabuni, Ulaya au Marekani: simu ya msiba inapoingia usiku, na anayepigiwa hana cha kufanya ila kutuma fedha.

Mwaka 1920 yeye na wenzake, akiwamo Mikhail Naimy na mshairi Iliya Abu Madi, waliunda jumuiya ya waandishi iliyoitwa Ar-Rabita al-Qalamiyya, na yeye akawa mkuu wake. Kundi hili dogo la wahamiaji katika mji wa ugenini liliacha athari kubwa katika fasihi ya Kiarabu ya karne ya 20. Waliacha mapambo mazito ya maneno yaliyokuwa yamezoeleka, wakaandika kwa sentensi nyepesi, na wakafungua mlango wa ushairi usiofungwa na vina. Mpaka leo wanafunzi wa Kiarabu wanafundishwa juu yao chini ya jina la fasihi ya Mahjar, yaani fasihi ya ugenini.

Juu ya hili kuna funzo kwetu. Gibran aliishi Marekani zaidi ya nusu ya umri wake na hakuacha Kiarabu. Vitabu vyake vya Kiarabu alivitia jina lake kamili, lile lililokatwa shuleni. Alipoandika Kiingereza, kuanzia kitabu cha The Madman mwaka 1918, alifanya hivyo akiwa na lugha mbili, hakuuza moja ili anunue nyingine. Na aliupenda urithi wa Waislamu wa lugha ile. Aliwachora kwa kuwawazia wanazuoni na washairi kama Ibn Sina, Imam Ghazali na Ibn al-Farid, akaandika makala za kuwasifu. Ajabu ni kwamba mwaka 2007 ilipofunguliwa Brooklyn shule ya serikali ya kufundisha Kiarabu, ikapewa jina la Mkristo huyu, kelele zilipigwa kwamba ni kiwanda cha siasa kali, na mwalimu mkuu wake wa kwanza, mwanamke Mwislamu, akalazimishwa kujiuzulu hata kabla ya masomo kuanza.

Sasa tuje kwenye kitabu cha mwanafunzi wangu. The Prophet kilitoka Septemba 1923, kikiwa na michoro kumi na miwili ya mwandishi mwenyewe. Mwaka wa kwanza hakikuvuka sana nakala elfu moja. Kisha kikaenea kwa mdomo, mtu akimpa mtu, hadi kikauzwa kwa mamilioni na kutafsiriwa katika lugha zaidi ya mia moja. Kisa chake ni kifupi. Mtu aitwaye Almustafa amekaa ugenini miaka 12 akingoja meli ya kumrudisha kwao. Siku meli inapofika, watu wa mji wanamzunguka wakimuuliza juu ya ndoa, watoto, kazi, sadaka, furaha, huzuni na mauti, naye anawajibu.

Je, huyu ni Mtume Muhammad (s.a.w.)? La hasha. Ni mtu wa kubuni, na ukimtazama vizuri utamwona mwandishi mwenyewe, mhamiaji anayengoja meli. Jina amelichukua katika lugha aliyolelewa nayo, lugha ambayo imejaa athari za Uislamu hata vinywani mwa wasiokuwa Waislamu. Kitabu hicho si wahyi na wala mwandishi hakudai kupewa utume. Ni mawaidha ya mtu aliyechanganya aliyoyapata katika Biblia, kwa masufi na kwa washairi wa Kizungu. Yamo maneno mazuri, na yamo yasiyokubaliana na itikadi yetu, hasa pale anapomfanya Mungu na viumbe kuwa kama kitu kimoja. Mwislamu anayekisoma akipime kwa mizani yake. Hali kadhalika picha zake, ambazo nyingi ni za miili isiyo na nguo, msimamo wetu juu yake unajulikana.

Wala maisha yake mwenyewe hayakuwa ya nabii. Wamarekani aliwasimulia kwamba ametoka katika ukoo wa kitajiri, akiificha aibu ya baba na mzigo wa mama. Na ulevi uliomharibu baba ulimfika naye. Miaka ya mwisho alikunywa sana huku akiwa mgonjwa na akikataa hospitali. Asubuhi ya tarehe 10 Aprili 1931 alipelekwa hospitali ya St. Vincent's mjini New York, akafa usiku ule ule. Ini lilikuwa limekwisha haribika na kifua kikuu kilikuwa kimeanza. Alikuwa na miaka 48. Rafiki yake Naimy aliandika maisha yake bila kuficha udhaifu huo, na wapenzi wa marehemu wakamlaumu. Mimi naona alifanya haki. Anayegeuzwa malaika baada ya kufa hawezi tena kumfundisha mtu lolote.

Katika wasia wake, vitu vyote vya studio alimwachia Mary Haskell, akiba na hisa zake alimwachia dada yake Marianna, na mrabaha wa vitabu aliuacha kwa mji wake wa Bsharri. Mwili wake ulirudishwa Lebanon mwaka huo huo, na meli ikapokewa Beirut kwa heshima kubwa. Marianna ndiye aliyenunua nyumba ya watawa ya zamani ya Mar Sarkis, pale Bsharri, ili kaka yake azikwe humo. Leo ni makumbusho. Ama ule mrabaha, uligeuka fitina. Fedha zilivyozidi kumiminika ndivyo watu wa mji walivyogombania kuzisimamia, kwa miaka mingi, hadi serikali ya Lebanon ikaingilia kati. Nia njema bila ya utaratibu wa kusimamia mali haitoshi. Wanaoweka wakfu na wanaosimamia mali za misikiti walitafakari hili.

Mary Haskell alikuta studioni barua zake mwenyewe za zaidi ya miaka 20. Alishauriwa azichome, hakuchoma, na mwishowe zote zikahifadhiwa katika chuo kikuu cha North Carolina. Ndiyo maana tunajua leo nani alilipa nini. Lakini Marianna hakuandika barua za kuhifadhiwa. Hakujua kuandika. Alirudi Boston akaishi maisha ya kawaida, akazeeka huko.

Hili ndilo lililonigusa, ndugu msomaji, na nitasema kwa nini. Mimi ninayeandika makala hii nina shahada ya chuo kikuu. Dada yangu mkubwa aliishia darasa la saba. Baba yetu alipofariki, yeye alikuwa akishona kofia usiku na kukaanga vitumbua alfajiri, na katika fedha ile ndimo zilimotoka ada yangu, sare yangu na nauli yangu. Alikuwa na akili kuliko mimi, walimu wetu wa msingi wanalijua hilo. Wakati wa sherehe ya mahafali yangu nilipongezwa na ukumbi mzima, naye alikuwa jikoni anapakua pilau. Sikumwita. Sikuwahi hata kufikiri kumwita, mpaka niliposoma habari za Marianna.

Katika majumba yetu wamo akina Marianna wangapi? Tunamsifu daktari, mhandisi na ustadh aliyetoka mtaani kwetu, na tunasahau aliyeacha shule ili wao waendelee. Tunasema hali ilikuwa ngumu. Ni kweli, hali huwa ngumu, lakini mbona kila inapokuwa ngumu anayetolewa shuleni ni yule yule wa kike? Kutafuta elimu ni faradhi kwa kila Mwislamu, na hakuna mwanachuoni ninayemjua aliyesema mabinti wametolewa katika faradhi hiyo. Desturi ya kumwacha binti nyumbani ya Bsharri ilikuwa ya Wamaroni. Tusiichukue yetu tukaivika kanzu ya dini.

Mwanafunzi wangu nilimpa jibu kamili wiki iliyofuata. Nilimwambia asome kitabu chake kwa mizani, na akimaliza amtafute yule anayemlipia ada amshukuru. Akaniambia anayemlipia ni shangazi yake, anauza samaki sokoni. Mimi nami Ijumaa ile nilikwenda kwa dada yangu. Anasoma kisomo cha watu wazima sasa, jioni, mara tatu kwa wiki, na ada naitoa mimi.

Wabillahi tawfiq.